Paneli kuukuu, bei mpya: Somo la biashara kutoka magari ya zamani ya Marekani

JANUARI 10, 2020, katika mnada uliofanyika Kissimmee, jimbo la Florida nchini Marekani, gari moja aina ya Ford Mustang la mwaka 1968 liliuzwa kwa dola milioni 3.4. Ada ya mnada ilipojumlishwa, mnunuzi alilipa dola milioni 3.74. Gari hilo lilikuwa na rangi iliyopauka na kutu iliyoonekana kwa macho, na halikuwa limefanyiwa ukarabati wa kulifanya lionekane jipya. Familia iliyoliuza ililinunua mwaka 1974 kwa dola 6,000.

Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya bei hiyo ilitokana na umaarufu. Ndilo gari aliloendesha mwigizaji Steve McQueen katika filamu ya Bullitt ya mwaka 1968. Hata hivyo, wafanyabiashara wa magari ya zamani waliliona jambo jingine: Mustang iliyopata bei kubwa kuliko zote zilizowahi kupigwa mnada hadi siku hiyo haikuwa ile iliyong'arishwa, bali ile iliyoachwa kama ilivyokuwa.

Jambo hilo linaeleza mengi kuhusu biashara ambayo huku kwetu haisikiki sana, lakini huko inawalisha mafundi na wenye maduka madogo wengi: ukarabati wa sehemu za ndani za magari ya zamani, hasa vifuniko vya ndani vya milango ambavyo mafundi huviita paneli. Ni biashara ambayo ndani yake kitu kikuukuu mara nyingi kina thamani kuliko kipya, na kipya kilicho bora zaidi kinaweza kushusha bei ya gari. Mkulima au mfanyabiashara mdogo anaweza kushangaa, lakini sababu zake ni za kiuchumi kabisa.

Soko lilivyoanza

Magari yanayozungumzwa hapa ni yale yenye injini kubwa na bei ya mtu wa kawaida, ambayo Wamarekani huyaita magari ya misuli. Pontiac GTO iliyotoka mwaka 1964 ndiyo inayohesabiwa na wengi kuwa ya kwanza kuyapa umaarufu. Ford Mustang ilizinduliwa Aprili 17 mwaka huohuo kwa bei ya kuanzia dola 2,368, ingawa wapo wanaoiweka katika kundi lake la pekee. Chevrolet Camaro ikafuata kwa toleo la mwaka 1967 na Dodge Challenger kwa toleo la mwaka 1970.

Yaliuzwa kwa wingi mno. Hadi Machi 1966, Ford ilikuwa imeshatengeneza Mustang milioni moja. Wingi huo ndio msingi wa biashara ya leo, kwa sababu gari likitengenezwa kwa mamia ya maelfu, hata yakibaki machache baada ya miaka 60, bado yanatosha kuwapa kazi mafundi na watengenezaji wa vipuri.

Matukio ya karibuni yameongeza uzito wa suala hili. Desemba 2023 Dodge ilifunga utengenezaji wa Challenger, na Camaro nayo ikafikia mwisho kwa toleo la mwaka 2024. Anayetaka magari hayo sasa hana budi kutafuta yaliyokwisha kutumika. Aidha, Mei 2025 Serikali ya Marekani ilianza kutoza ushuru wa asilimia 25 kwa aina nyingi za vipuri vya magari vinavyotoka nje, ingawa baadaye baadhi ya nchi zilikubaliana nayo kupunguziwa. Kila vipuri vipya vinapopanda bei, mwenye gari hulazimika kuuliza swali lilelile: nikarabati cha zamani au ninunue kipya?

Paneli inaharibikaje

Paneli ya mlango ya miaka ile haikuwa kitu cha ajabu. Ilikuwa ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, unaofanana na hadibodi ya dari, juu yake ikawekwa tabaka jembamba la pamba au sponji, kisha ikafunikwa kwa plastiki iliyofanana na ngozi, ambayo mafundi wetu wa viti huiita leza. Kiwandani, mistari na michoro ya juu iligandamizwa kwa mashine yenye joto la umeme, hivyo leza na kilicho chini yake vikashikana bila kushonwa kwa uzi. Nyuma yake viliwekwa vibanio vya chuma vya kushika mlangoni.

Adui mkubwa wa paneli hiyo ni maji. Mvua ikinyesha, maji huteremka kwenye kioo na kuingia ndani ya mlango. Hilo ni jambo la kawaida, na ndiyo maana chini ya mlango kuna matundu ya kuyatoa, na nyuma ya paneli kuna karatasi maalumu au plastiki ya kuzuia unyevu. Matundu yakizibwa na vumbi, au fundi akiondoa karatasi ile na kuitupa kwa kuona haina kazi, hadibodi hunyonya maji, huvimba na kujikunja, na vibanio hung'oka.

Adui wa pili ni jua. Leza hukakamaa, husinyaa na kupasuka, na rangi yake hupauka. Matokeo yake ni kwamba gari lenye injini nzima linaweza kuwa na milango iliyochakaa ndani, na mwenye gari asiyejua huona dawa ni moja tu, kung'oa na kutupa. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Namba kwenye bamba ndiyo ushahidi

Magari haya yalitoka kiwandani na bamba dogo la chuma lenye namba. Kwenye Mustang ya mwaka 1965 bamba hilo liko kwenye mlango wa dereva, na moja ya namba zake hutaja aina na rangi ya mapambo ya ndani. Namba 26 ilimaanisha leza nyeusi ya kawaida, na 66 nyeusi ya kifahari, ile yenye michoro ya farasi wanaokimbia kwenye migongo ya viti. Kwenye Camaro ya mwaka 1969 bamba liko kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Huko 711 ni nyeusi ya kawaida na 712 ni nyeusi ya kifahari.

Tofauti hizo ni ndogo kwa macho ya mpita njia, lakini kwa mnunuzi ni fedha. Gari lenye bamba la 26 likiwekewa paneli za kifahari litapendeza, lakini halitakuwa tena gari lilelile lililotoka kiwandani. Klabu za wapenzi wa magari, kama ile ya Mustang iliyoanzishwa mwaka 1976, hufanya mashindano ambayo waamuzi wake hukagua mambo kama hayo. Klabu kongwe ya magari ya kale ya Marekani, AACA, iliyoanzishwa mwaka 1935, ina hata kundi la pekee la magari yaliyohifadhi sehemu zake za asili bila kukarabatiwa.

Kwa upande wa kumbukumbu, tofauti kati ya kampuni na kampuni inaonyesha wazi faida ya kutunza karatasi. Takwimu za magari ya Ford kuanzia toleo la mwaka 1967 zilihifadhiwa, na kampuni ya Marti Auto Works ya Arizona ilipewa leseni ya kuzitumia na kuuza taarifa ya gari mojamoja. Kwa malipo kidogo, mwenye Mustang anapata karatasi inayoeleza gari lake lilitengenezwa na nini. Wenye Chevrolet wengi hawana bahati hiyo. Hutegemea karatasi za kiwandani ambazo wafanyakazi waliziacha ndani ya gari, nyingine zikiwa zimebanwa kwenye springi za viti au juu ya tangi la mafuta. Fundi anayefumua kiti cha zamani na kutupa karatasi chakavu anayoikuta ndani anaweza kuwa ametupa ushahidi ambao hauwezi kupatikana tena.

Nani anapata nini

Kampuni zilizotengeneza magari haya ziliacha zamani kutengeneza paneli zake. Kwao, kuwasha mashine kwa ajili ya oda chache hakulipi. Pengo hilo limezalisha makundi matatu ya wafanyabiashara.

Kundi la kwanza ni la viwanda vidogo na vya kati vinavyotengeneza upya paneli kwa kufuata mfano wa zamani, kama Legendary Auto Interiors ya Newark, jimbo la New York, inayojulikana kwa mapambo ya ndani ya magari ya Chrysler. Ford na General Motors nazo zina utaratibu wa leseni, ambapo mtengenezaji huruhusiwa kutumia alama ya kampuni kwa malipo. Kwa maneno mengine, mwenye jina anaendelea kuvuna kwenye shamba ambalo halilimi tena.

Kundi la pili ni la wauzaji wa vipuri vilivyotengenezwa miaka ileile lakini havikuwahi kutumika, vikiwa bado kwenye maboksi yake. Mali hii haiongezeki. Kila kinapouzwa kimoja, kinachobaki ni pungufu kwa kimoja, na bei hufuata.

Kundi la tatu ni la mafundi wa mikono, wanaoichukua paneli chakavu na kuirudishia hali yake. Hawa ndio wanaofaa kuangaliwa zaidi na mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo. Kiwanda kinahitaji ukungu wa kugandamiza michoro, na kila mwaka wa gari una michoro yake, na kila rangi inataka leza yake. Kiwanda hakiwezi kutengeneza zote. Kitachagua zile zenye wanunuzi wengi, kama nyeusi. Mwenye gari la rangi adimu hatapata paneli dukani, na atalazimika kwenda kwa fundi. Mahali mwenye mtaji mkubwa anapoona soko ni dogo mno, mwenye mtaji mdogo na ujuzi mkubwa ndipo anapopata riziki yake.

Kilicho bora, bei ndogo

Jambo linalowashangaza wengi ni hili: baadhi ya paneli mpya zina ubao wa plastiki ngumu badala ya hadibodi. Hazinyonyi maji wala hazijikunji. Kwa matumizi ya kila siku ni bora kuliko za kiwandani. Lakini mwamuzi wa mashindano, na mnunuzi anayelipia uhalisi, hutaka hadibodi ileile iliyokuwa ikiharibika, yenye vibanio vilevile na chembe zilezile za leza.

Sababu ni kwamba hapa pana masoko mawili yanayotumia bidhaa moja. Soko la kwanza linanunua gari la kuendesha, na humo ubora ni uimara. Soko la pili linanunua historia, na humo ubora ni ushahidi. Fundi au mwenye gari asiyejua yuko katika soko lipi atatumia fedha nyingi kuboresha kitu ambacho mnunuzi wake hakitaki.

Kwa hiyo mafundi wenye uzoefu huanza kwa kupunguza uharibifu. Kwanza hutengeneza chanzo cha maji: matundu ya chini ya mlango na mpira wa kioo. Bila hivyo paneli, iwe mpya au kuukuu, itaharibika tena. Pili, hufungua skrubu za mkono wa kupandishia kioo na sehemu ya kuegemeza mkono, kisha huinua paneli taratibu kwa kifaa bapa, kibanio kimoja baada ya kingine, badala ya kuivuta kwa nguvu. Picha hupigwa katika kila hatua, na skrubu za zamani huwekwa pamoja.

Hadibodi iliyojikunja kidogo hukaushwa ikiwa imelazwa chini ya uzito. Ikiwa imeoza lakini leza ni nzima, leza hubanduliwa kwa uangalifu na ubao mpya hukatwa kwa kufuata wa zamani. Leza husafishwa kwa sabuni laini na brashi, kwa kuwa dawa kali huondoa mafuta yanayoifanya iwe laini. Inapobidi kupaka rangi, fundi haangalii sehemu iliyopauka. Hufungua sehemu iliyofunikwa, kwa mfano chini ya mahali pa kuegemeza mkono, ambako jua halikufika, na hapo hupata rangi halisi ya kiwandani.

Kazi hiyo inakula saa nyingi. Kwa gari la kawaida lenye rangi ya kawaida, paneli mpya inaweza kuwa nafuu kuliko siku za fundi. Ila hata hapo, ushauri unaotolewa na wengi ni kutoitupa ya zamani. Iwekwe stoo mahali pakavu. Mnunuzi wa baadaye anaweza kuilipia, na ikikosekana hakuna kiwanda kitakachoirudisha.

Hatari za soko hili

Biashara yoyote inayolipia uhalisi huvuta pia wadanganyifu. Gari la kawaida hubadilishwa bamba na kupewa mapambo ya ndani ya toleo adimu, kisha huuzwa kama lenyewe. Mabamba ya kuiga nayo hutengenezwa. Ndiyo maana bamba peke yake halitoshi, na wanunuzi makini hulinganisha bamba, karatasi, na hali ya sehemu zenyewe. Paneli zenye uchakavu unaolingana na gari lote ni shahidi mgumu kughushi kuliko kipande cha bati.

Hatari ya pili ni ya umri. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1965 alitimiza 80 mwaka 2025. Sehemu ya wateja wa soko hili wananunua ujana wao, na ujana huo hauna warithi wa uhakika. Mwenye kiwanda anayewekeza leo kwenye ukungu wa paneli za mwaka 1965 anapaswa kujiuliza nani atanunua baada ya miaka 15. Fundi wa mikono yuko salama zaidi, kwani ujuzi wa kurudisha hadibodi na leza unahamia kwa urahisi kwenye magari ya miaka ya 1970 na 1980.

Gunia, katani na mkulima

Mkulima anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Jibu liko chini ya leza. Katika viti vya Mustang za kwanza, juu ya springi kiliwekwa kitambaa cha gunia la juti, kisha tabaka la pamba. Anayerudisha uhalisi hutafuta vitu hivyo vya shambani, wala sponji tupu haimtoshi.

Upo pia mgongano wa kihistoria. Mwaka 1964, ambao Mustang na GTO zilitoka, ndio mwaka Tanzania ilipovuna katani kwa wingi, zaidi ya tani 200,000. Kisha kamba na nyuzi za plastiki zikateka soko la dunia, mashamba yakapitia misukosuko mingine, na kufikia miaka ya 2000 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 40,000. Zama za plastiki zilizoleta leza kwenye milango ya magari ndizo zilizoiumiza katani.

Hata hivyo mzunguko umeanza kurudi. Tangu miaka ya 1990, watengenezaji wa magari wa Ujerumani, Mercedes-Benz ikiwemo, wametumia nyuzi za mimea kama kitani, juti na katani ndani ya paneli za milango, kwa sababu ni nyepesi. Ford nayo ilianza kutumia sponji yenye mafuta ya soya kwenye viti vya Mustang ya mwaka 2008. Paneli ya mlango ni soko la mazao, ingawa mlimaji hulioni kutoka shambani kwake.

Ila soko hilo lina masharti yaleyale ya soko la paneli kuukuu. Kiwanda cha magari hakinunui katani tu. Kinanunua nyuzi za urefu na usafi unaojulikana, zinazofika zikiwa vilevile kila mara. Mkulima wa katani wa Tanga au Kilifi asiyepanga nyuzi zake kwa madaraja anauza kamba, hata kama alichovuna kingefaa kuingia kwenye mlango wa gari.

Huku kwetu nako wapo wanaolipia kazi nzuri ya kurudisha magari. Nairobi imekuwa na mashindano ya Africa Concours d'Elegance tangu mwaka 1970, ambayo magari yake hukaguliwa ndani na nje. Fundi viti wa gereji ya kawaida hana haja ya kungoja Mustang. Land Rover au Peugeot 504 ya zamani iliyofika mikononi mwake ina paneli zinazooza kwa maji yaleyale na kupasuka kwa jua lilelile. Kinachoweza kumtofautisha na jirani yake ni kumwuliza mteja kabla ya kufumua: gari hili ni la kubeba mizigo au la kutunza?

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mwenye gari la zamani aliyetupa paneli zake kwa kuvutiwa na mpya zinazong'aa analielewa neno hilo siku ya kuuza, mnunuzi anapoinama, anapogusa mlango kwa ndani, kisha anapunguza bei.